Barua Isiyo na Shikamoo

4 Machi

Kwako kifungua mimba wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya mama. U hali gani huko? Ile mikwaruzo ya mikononi imekauka? Unakula ukashiba, au unaonja tu ukalala? Sisi hapa hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Bucha liko wazi, visu vina makali, na wateja wanataka mnofu kwa bei ya mfupa, kama kawaida yao.

Baba, nina jambo. Unakijua kikundi chetu cha akina mama wa sokoni, na ile akiba ya kujenga chumba cha baridi cha pamoja. Sasa tumeambiwa kiwanja hakitakuwa tayari leo wala kesho, na pesa zimelala tu benki. Juzi kwenye kikao, Mweka Hazina wetu, yule muuza samaki mwenye sauti ya kengele, alikuja na kipande cha gazeti alichofungiwa mzigo wake. Kimeandikwa kwamba hisa za kampuni ya nyama zimeanguka, zinauzwa nusu ya bei ya mwaka jana. Akasoma jina la kampuni. Nami nikasema, "Hiyo si kampuni ya mwanangu?"

Nilisema kama mtu anavyosema shule ya mwanangu, au basi la mwanangu limechelewa. Mara wote wakanigeukia. Mweka Hazina akaniuliza kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, "Mwenyekiti, kumbe kampuni ni ya mwanao?" Mungu anisamehe, nilikuwa na kipande cha muwa mdomoni, nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo navutiwa kiti. Fundi cherehani ananiita Mama Mkurugenzi. Sikufichi, ni tamu. Lakini sasa wanataka kuingiza akiba yote huko, yote kabisa, kwa sababu ni kwa mtoto wa Mwenyekiti na hakuwezi kuharibika. Hapo ndipo utamu ulipoisha. Niandikie. Hiyo kampuni ni mali, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

Ni mimi mama yako.


17 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ya pili lipe goti, liambie lisikose jua. Mimi huku nipo, nashukuru. Mikono imepona, miguu ndiyo inayodai mapumziko, maana tunasimama kutwa kwenye sakafu yenye maji. Nakula na kushiba. Nikikwambia silali vizuri nitakuwa mwongo: nalala kama gogo, na buti za mpira nikizisahau miguuni nalala nazo.

Mama, nimecheka barua yako mpaka wenzangu chumbani wakauliza nani amenitumia pesa. Kampuni ni yangu kama barabara ilivyo yangu. Napita, nachoka, jioni naiacha ilipo. Waambie akina mama kazi yangu bila kuipaka mafuta: nakata mifupa. Nasimamia msumeno wa umeme, zinakuja shingo, mbavu na miguu, nakata. Hapa hata jina langu wamelisahau, wananiita Msumeno. Naifanya vizuri na sioni haya. Mkurugenzi nimemwona mara mbili, na zote mbili alikuwa amevaa kofia ya nailoni kama mimi.

Kuhusu hisa, mimi shule niliiacha njiani, unajua. Kwa hiyo nilikwenda kwa mhasibu wa kampuni, dada mmoja anayekula na sisi kantini bila kujikweza. Hakunicheka. Alinipa ripoti ya mwaka, ambayo anapewa yeyote anayeiomba, nimeifunga pamoja na barua hii. Kwenye jalada kuna ng'ombe anayetabasamu. Sijapata kumwona wa hivyo, na nimeona wengi.

Alinieleza hivi. Kampuni imegawanywa vipande vingi vidogo vilivyo sawa, kila kipande ni hisa. Zidisha bei ya hisa moja kwa hisa zote, unapata bei ya ng'ombe mzima. Halafu fungua ripoti uone ng'ombe huyo ana nini mwilini: ardhi, majengo, mashine, mafriza, malori, nyama iliyoko ghalani. Toa madeni yote. Kinachobaki ndicho nyama yake. Akanipigia hesabu mbele yangu, ikatoka kwamba kwa bei ya leo soko linamuuza ng'ombe huyu chini ya nyama yake. Ni kama mtu auze ng'ombe aliye hai kwa bei ya ngozi na kwato.

Nikamuuliza, sasa mbona wanamuuza? Akasema mwaka jana malisho yalikauka, ng'ombe wakawa ghali, faida ikakonda. Wenye hisa wengi walipoona mbavu zinahesabika, wakakimbia. Kukonda na kuugua ni vitu viwili, lakini kutoka mbali vinafanana.

Ila alinionya, nami nakuonya. Kuna mkopo mkubwa wa friza jipya, na benki hainywi maneno. Karibu nusu ya mauzo yanakwenda kwa mteja mmoja, akikohoa yeye tunaugua sote. Kitu rahisi kinaweza kukaa rahisi miaka mingi, au kikawa rahisi zaidi.

Mimi ninachokiona ni kile anachokiona hata mpita njia akisimama getini. Malori ya ng'ombe yanapanga foleni. Mshahara unalipwa tarehe yake. Hakuna kinachotupwa, ngozi ina mnunuzi, mifupa inasagwa, hata damu ina kazi. Zaidi ya hapo sijui. Kama mtanunua, nunueni kama mnavyonunua ndama, kwa pesa ambayo hamtaihitaji mpaka akue. Pesa yote, hapana.

Mwanao.


2 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, marahaba tena. Goti limepokea salamu zako, likaamka mara moja. Huku mvua imeanza, nzi wameongezeka, lakini sote wazima. Na wewe, hiyo sakafu yenye maji haikupandii kifuani? Ulipokuwa mdogo baridi ilikuwa inaanzia miguuni na kumalizikia kifuani. Usidharau.

Nimewaambia. Nilisimama, nikasema, "Kampuni si ya mwanangu. Mwanangu anakata mifupa humo." Fundi cherehani alicheka mpaka akashika ukuta. Mweka Hazina akasema basi kile kiti nimrudishie. Nikamjibu kwamba mkurugenzi akiugua mwezi mzima nyama itatoka, lakini msumeno ukisimama asubuhi moja hata huyo mkurugenzi mwenyewe atakosa cha kuuza. Wakapiga makofi. Kiti nimebaki nacho.

Ripoti tumeisoma. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, anaisoma kwa sauti, mimi natafsiri kwa lugha ya bucha. Tulikuwa tunakwenda vizuri, mara akaja dereva wa lori la ngozi, yule anayetubebea barua hizi. Akasema kiwandani kwenu wameingia wageni wenye makoti meupe, wanapima, wanaandika, na nyinyi wa msumeno mmewekeshwa sahihi kwamba hamtasema. Hajui kama wamekuja kununua au kufunga. Hisa zikashuka tena wiki hiyohiyo. Kikundi kimepasuka vipande viwili. Wenzake Mweka Hazina wanasema tuingize zote sasa hivi. Wengine wanasema tusitie hata senti.

Baba, wewe uko ndani. Sikuombi uandike siri. Nimefikiria njia ambayo hata mwenye macho ya mwewe hataiona. Kila barua si inaanza na hali ya afya? Basi, kama jambo ni jema, anza kwa kusema wewe mzima wa afya. Kama ni baya, sema unaumwa kidogo. Nani atajua? Ni salamu tu za mtoto kwa mama yake.

Akiba hii ni jasho la wanawake wengi, na mimi ndiye mwenyekiti wao. Ikipotea, hapa sokoni sitakuwa na pa kuweka uso. Nisaidie.

Mama yako anayekutegemea.


20 Aprili

Mama,

Umeona mwenyewe, nimeanza bila shikamoo. Tangu nijue kushika kalamu sijawahi kukuandikia hivi. Mkono ulisita juu ya karatasi mpaka wino ukadondoka. Lile doa hapo juu usilisome. Ni doa.

Siwezi kukwambia mimi mzima. Siwezi kukwambia mimi mgonjwa. Siwezi hata kukuuliza wewe hujambo, maana utatazama nimeulizaje. Umechukua salamu yangu ukaifanya ufunguo, sasa nikiigusa tu mlango unafunguka.

Ni kweli tumeweka sahihi. Yule dada mhasibu alitukusanya akatueleza, na alieleza polepole kwa sababu wengi wetu ni watu wa darasa nusu. Alisema kitakachoonekana humu kabla ya kutangazwa ni mali ya wenye hisa wote kwa pamoja, aliyeko karibu na aliyeko mbali. Anayempa ndugu yake peke yake anamwibia yule asiyejua.

Kichwani nilibishana naye siku nzima, msumeno ukilia. Nilisema moyoni, huyu ni mama yangu, na wale ni wanawake wanaoamka kabla ya jogoo. Tunamwibia nani? Halafu nikaona. Mkinunua hisa, kuna mtu anayewauzia. Jambo likiwa jema, atauza kwa hasara kwa sababu mwanawe hakati mifupa hapa. Likiwa baya, mtakimbia nyinyi, abaki yeye. Pengine naye ni mwenyekiti wa kikundi cha soko jingine.

Mama, unakumbuka ulivyonifundisha kupima nyama? Ulisema mteja akigeuka kumtazama mtoto wake, hapo ndipo mkono wako uwe mbali zaidi na mzani. Siku nyingine zote mkono unaweza kuwa popote, lakini siku hiyo uwe mbali. Nimefanya kazi sehemu nne tangu nitoke nyumbani, na hilo ndilo jambo pekee nililokuja nalo ambalo halijachakaa.

Ripoti mnayo. Macho mnayo. Wewe umenunua ng'ombe miaka yote hiyo bila kuambiwa na ng'ombe mwenyewe yuko hali gani. Amueni kwa hayo. Usinikasirikie. Na ukinikasirikia, nitavumilia.

Mwanao.


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hukuisema, lakini nimeisikia.

Sikufichi, siku ya kwanza nilikasirika. Niliikunja barua nikaitia mfuko wa aproni, nikakata nyama ya watu vibaya, mteja mmoja akaniuliza kama nimegombana na ng'ombe. Siku ya pili niliitoa, nikafika pale ulipoandika kuhusu mzani. Nikaweka barua mezani, nikanawa mikono, nikaisoma tena tangu mwanzo.

Kwenye kikao niliisoma yote kwa sauti, pamoja na aibu yangu ya kukuomba. Mweka Hazina akauliza ni mtoto gani asiyemsalimu mama yake. Fundi cherehani akaichukua barua, akalikagua lile doa, akasema ni la duara, duara ni sarafu, maana yake tununue. Mwingine akasema hapana, lina mkia, ni chozi. Walibishania doa mpaka chai ikapoa. Nikawanyang'anya karatasi. "Ni doa," nikasema. "Huyu mtoto akisema doa, ni doa."

Basi tukafanya kazi tuliyotakiwa kuifanya tangu mwanzo. Nikawauliza, nikienda mnadani natazama nini? Sitazami tumbo. Wapo wauzaji wanaomlisha ng'ombe chumvi usiku, asubuhi anakunywa pipa zima la maji, anapanda kwenye mzani amenona. Unamlipia maji kwa bei ya nyama. Natazama mifupa, meno, na anavyotembea. Katibu akauliza, maji ya kampuni ni yapi? Nikasema ni madeni, tuyakamue yote kwanza. Tukayakamua, tukatoa na theluthi nyingine ya thamani ya mashine, kwa sababu mashine kuukuu ukiiuza kwa haraka hupati bei ya kwenye karatasi. Bado nyama ilizidi bei. Tukatazama meno: amelipa gawio, lile fungu la faida la wenye hisa, hata mwaka wa ukame, dogo, lakini amelipa. Tukamtazama anavyotembea: ule mkopo unapungua kila mwaka. Kilema chake ni kile ulichokitaja, kumtegemea mteja mmoja. Huyo ni ng'ombe anayetembelea mguu mmoja zaidi ya mwingine.

Kwa hiyo tukaamua. Ng'ombe mwembamba, mifupa mizuri, kilema kimoja. Huyo unamnunua, lakini huuzi nyumba kumnunua. Theluthi moja ya akiba, iliyobaki ikae ikisubiri kiwanja. Mweka Hazina alinuna, akapiga kura ya hapana, na kura yake imeandikwa. Kesho yake mimi na Katibu tulikwenda kwa dalali wa hisa, tumevaa viatu vya kufunga.

Sikuulizi lolote. Dereva anakuletea sweta la sufu. Sijui kwa nini nimelifuma, na huku ni joto. Mikono ilianza yenyewe.

Mama yako.


23 Juni

Mwanangu,

Mwezi umepita na zaidi, kimya. Namwuliza dereva, anasema sweta alilikabidhi getini. Sikulaumu. Nilikufungia mlango mwenyewe.

Lakini leo nimeusikia ukifunguka. Habari iko gazetini, safari hii gazeti zima, halina magamba ya samaki. Wale wageni wa makoti meupe ni wanunuzi wapya wa nyama, wamefunga mkataba wa miaka mitano. Kampuni sasa ina miguu miwili. Hisa zimepanda, zimepita hata bei ya mwaka jana, na gazeti linasema huenda zikaendelea.

Sokoni ilikuwa sherehe, ila Mweka Hazina alinisubiri mpaka kikao kijae. Akasimama. Akasema theluthi imezaa vizuri, hongera, lakini zote zingezaa mara tatu. Akasema, "Mwanao alitakiwa neno moja tu, Mwenyekiti. Mzima. Hata kasuku angelisema."

Nilisimama polepole, goti linajua. Nikamwambia, "Kweli, neno hilo lingetutajirisha. Na siku nyingine neno kama hilo lingetufilisi, kwa sababu mtoto anayeuza siri kwa mama yake ana bei, na mwenye bei atapata mnunuzi mwingine. Mimi sikuzaa mtoto mwenye bei. Nimezaa mwenye thamani." Nikakaa. Sikupigiwa makofi, na ilikuwa vizuri zaidi bila makofi.

Sasa sikiliza hii. Mweka Hazina hajawahi kununua nyama kwangu. Miaka yote hii anapita mbele ya bucha langu anakwenda la mtaa wa pili, akidai mzani wangu una usingizi. Kesho yake asubuhi alikuja. Akaomba kilo mbili. Nilipokuwa napima, akageuka akatazama barabara, akakaa hivyohivyo mpaka nimefunga. Hakutazama mzani hata mara moja.

Jambo moja zaidi. Siku ile ya dalali, nilikuwa na vipesa vyangu mwenyewe, vya kwato na utumbo. Nilinunua hisa chache kwa jina lako. Jina lako lile kamili, ambalo huko wamelisahau. Karatasi yake imo humu ndani. Kwa hiyo sasa nikisema kampuni ya mwanangu, sina muwa mdomoni.

Habari inajulikana na kila mtu. Salamu imerudi kuwa salamu. Nisalimie, baba.

Mama yako anayesubiri.


1 Julai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya barua ile niliyoinyima, naileta leo na riba yake: shikamoo, shikamoo. Hujambo? Goti halijambo? Bucha halijambo? Mweka Hazina hajambo, na nyama aliipendaje? Msalimie fundi cherehani, mwambie doa lile kweli lilikuwa na mkia, lakini halikuwa chozi.

Sasa nitakwambia. Siku niliyokuandikia bila shikamoo nilikuwa kitandani. Ulikisia sawa, ilianzia miguuni ikamalizikia kifuani. Daktari wa kampuni alisema ni nimonia, nikalazwa, nikatoka, ikarudi, nikalazwa tena. Ndiyo maana sikujibu. Kalamu ilikuwa nzito kuliko paja la ng'ombe.

Nililala nikilifikiria jambo moja, nalo lilinichekesha ingawa kucheka kulikuwa kunachoma. Jambo la kampuni lilikuwa jema, na mimi nilikuwa mgonjwa. Ningekwambia kweli ya kifua changu, mngekimbia kampuni nzuri. Ningekwambia kweli ya kampuni, ningekudanganya juu ya kifua changu. Nikaona heri nikose adabu.

Sweta lilifika siku niliyolazwa mara ya pili. Muuguzi aliuliza nani amelifuma. Nikasema mama yangu. Akauliza alijuaje kama unaumwa. Nikasema sikumwambia, na hapo nikashindwa kuendelea, akadhani ni kikohozi.

Nimerudi kazini. Wameniondoa kwenye maji kwa muda, nakata nikiwa juu ya ubao mkavu. Karatasi ya hisa nilimwonyesha dada mhasibu kantini. Aliishika kwa mikono miwili. Nikamwuliza hisa hizi ni sehemu gani ya kampuni yote. Alifikiri kidogo akasema, kwa kukadiria, pengine jino moja la msumeno wako. Mama, nimelichagua. Ni la tatu kutoka kwenye kiungo, pale mkanda wa msumeno ulipoungwa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nalitazama, na wenzangu wananiuliza mwenye kampuni, tuwashe? Nawaambia washeni.

Mimi mzima wa afya, mama. Neno hilo halina maana nyingine.

Ni mimi mwanao, mwenye kampuni.